Shahidi wa Kitu Kisichokuwapo

Kuthibitisha kwamba kitu kipo ni kazi nyepesi: ukikionyesha, mbishi hunyamaza. Lakini kuthibitisha kwamba kitu hakipo ni kazi nzito. Mwalimu aitapo majina ya wanafunzi asubuhi, na jina moja likakosa jibu, hawezi kuandika mara moja kwamba mwanafunzi huyo hayupo. Labda yupo ila hakusikia; labda mwalimu amelitamka jina lake visivyo; labda jina lenyewe ni la darasa jingine. Ukimya mmoja waweza kuwa na sababu nyingi. Katika insha hii nitakusimulia, msomaji, jinsi wataalamu walivyokabiliwa na ukimya wa namna hiyo ndani ya misuli ya watoto wagonjwa, na jinsi walivyopata shahidi wa kuwaambia kwa hakika ni kitu gani kilichokosekana humo. Shahidi huyo huitwa kingamwili.

Kwanza yatupasa kuyajua maradhi yenyewe. Yapo katika mataifa yote ya dunia, nayo huwapata karibu wavulana tu. Hukadiriwa kwamba katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa nayo. Mtoto huonekana mzima katika miaka yake ya mwanzo. Kisha, aghalabu kabla ya kutimiza miaka mitano, mama huona kwamba mwanawe huanguka mara kwa mara, hapandi ngazi kama wenziwe, na akitaka kuinuka kutoka chini hujishika magoti na mapaja, akajikweza kwa mikono yake kama mtu apandaye mti. La ajabu ni kwamba mashavu ya miguu yake huwa manene, hata mgeni akadhani kwamba ana nguvu. Kumbe unene ule ni wa mafuta na makovu yaliyochukua mahali pa misuli. Wengi wao huacha kutembea wapatapo umri wa miaka 12 hivi. Hatimaye udhaifu huingia katika misuli ya kupumulia na katika moyo wenyewe. Zamani wachache tu waliufikia utu uzima. Siku hizi, kwa matunzo mema, wengi huishi mpaka miaka thelathini na zaidi. Lakini dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi haya haijapatikana.

Mmoja wa watu wa kwanza kuyaeleza kwa makini alikuwa tabibu wa London, jina lake Edward Meryon. Mwezi wa Desemba 1851 aliwasomea matabibu wenzake habari za wavulana aliowaona katika jamaa chache, ndugu kwa ndugu, na mwaka uliofuata habari hizo zikachapishwa. Wakati ule wengi walidhani kwamba kupooza kwa namna hii hutokana na mishipa ya fahamu au uti wa mgongo. Meryon alipata nafasi ya kuuchunguza mwili wa mtoto aliyefariki, akauona uti wa mgongo kuwa mzima. Ndipo alipotazama misuli kwa hadubini. Aliona kwamba utando mwembamba unaouvika kila uzi wa msuli ulikuwa umevunjika na kuharibika. Tafadhali, msomaji, yaweke maneno hayo akilini, maana tutayarudia baada ya muda mrefu.

Baada ya Meryon alikuja Guillaume Duchenne. Huyu alizaliwa mwaka 1806 katika mji wa Boulogne, pwani ya Ufaransa, katika ukoo wa wanabahari. Alihamia Paris, akawa akizunguka kutoka hospitali hii hadi ile akiwatazama wagonjwa waliopooza na kuijaribu misuli yao kwa umeme. Alitengeneza sindano maalumu iliyoweza kuchukua kipande kidogo cha msuli wa mtu aliye hai, hata ikawa haina haja kungoja mauti ndipo uchunguzi ufanyike. Mwaka 1868 alitoa maelezo marefu juu ya watoto 13 wenye maradhi haya, na tangu hapo yakaitwa kwa jina lake. Mwaka 1879 William Gowers wa London alieleza jinsi watoto hao wanavyoinuka kwa kujishika mapaja, akaonyesha pia kwamba maradhi hupitia kwa mama ambaye mwenyewe haonekani mgonjwa. Na mwaka 1955 Peter Emil Becker wa Ujerumani alieleza maradhi mengine yanayofanana na haya, lakini yenye kuanza kwa kuchelewa na kwenda polepole.

Basi kwa muda wa miaka mia na zaidi matabibu waliyajua maradhi kwa sura, wala hawakuijua asili yake. Huenda ukauliza: kwa nini hawakuchukua msuli wa mgonjwa na msuli wa mzima, wakavilinganisha, wakaona kilichopungua? Walijaribu. Shida ni kwamba msuli umejengwa kwa protini maelfu kwa maelfu, na msuli unaokufa hupungukiwa na nyingi kati ya hizo. Fikiri juu ya nyumba iliyoteketea. Mlango haupo, paa halipo, viti na vitanda havipo. Ni nani atakayesema, kwa kuyatazama majivu, ni kitu gani kilichotangulia kuharibika hata moto ukazuka? Ilitakiwa njia ya kuiulizia protini moja peke yake katikati ya umati ule. Njia hiyo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria habari za misuli.

Twajua sote kwamba mtoto aliyekwisha ugua surua, aghalabu haugui tena. Mwili wake umejifunza. Damu imetengeneza protini ziitwazo kingamwili, na kila kingamwili ina umbo la kukishika kitu kimoja maalumu na kuviacha vingine. Wahenga walisema kweli: kila mlango na ufunguo wake. Mwaka 1890, huko Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo yaweza kumkinga mnyama mwingine asidhurike na sumu hiyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, Albert Calmette wa Ufaransa alitengeneza dawa ya sumu ya nyoka kwa njia iyo hiyo. Hata leo dawa ya mtu aliyeumwa na nyoka hutokana na damu ya wanyama, kama vile farasi, waliodungwa sumu kidogo kidogo mpaka miili yao ikafanya kingamwili.

Hapo kingamwili ilikuwa askari. Ilikuwaje ikawa shahidi? Mwaka 1941 Albert Coons, aliyekuwa akifanya kazi Boston katika Marekani, pamoja na wenzake, waliieleza njia ya kuifunga kingamwili na rangi inayong'aa. Fikira yake ilikuwa nyepesi lakini yenye akili nyingi. Ikiwa kingamwili hukitafuta kitu kimoja tu na kukishika, basi tukiivika taa, tutakiona kitu hicho popote kilipojificha. Ukiimwaga juu ya kipande chembamba cha nyama, kisha ukaikosha isiyoshika, ile iliyobaki itang'aa chini ya hadubini mahali pale pale penye kitu ulichokitaka.

Hata hivyo ilibaki kasoro moja. Damu ya mnyama ina kingamwili za namna nyingi zilizochanganyika, na mnyama akifa, chemchemi yake hukauka. Mwaka 1975 Georges Köhler wa Ujerumani na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, walilitatua jambo hilo huko Cambridge, Uingereza. Walichukua chembe ya panya inayotengeneza kingamwili, ambayo haiishi siku nyingi nje ya mwili, wakaiunganisha na chembe ya saratani, ambayo huzaliana bila kikomo. Mzao wa ndoa hiyo alirithi kwa wazazi wote wawili: alitengeneza kingamwili ya namna moja tu, tena hakuchoka. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Sasa na turudi kwenye misuli. Ufunguo hauwezi kuchongwa mpaka kitasa kijulikane. Na hapa kitasa hakikujulikana, kwa kuwa hakuna aliyeijua protini iliyokosekana. Lakini Gowers alikuwa ameacha dokezo aliposema kwamba maradhi hupitia kwa mama. Mwanamke ana kromosomu X mbili, hivyo moja ikiwa na kasoro, ya pili aghalabu humsaidia. Mwanamume anayo moja tu, wala hana akiba. Basi kasoro ilitafutwa katika kromosomu X. Watafiti wa nchi mbalimbali walishindana na kusaidiana, miongoni mwao Ronald Worton na wenzake wa Toronto, Kanada, na Louis Kunkel na wenzake wa hospitali ya watoto ya Boston. Mwaka 1986 kundi la Kunkel lilitangaza kwamba limepata vipande vya jeni yenyewe. Ilikuwa jeni kubwa kupita zote zilizopata kujulikana kwa binadamu: ina herufi zaidi ya milioni mbili, na maneno yake yametawanyika katika sehemu 79.

Hapo kazi ilikwenda kinyume cha desturi. Kwa kawaida wataalamu waliijua protini kwanza, ndipo wakaitafuta jeni yake. Safari hii walikuwa na jeni mkononi, na protini haijapata kuonekana na jicho la mtu. Mwaka 1987 Eric Hoffman, akishirikiana na Robert Brown na Kunkel, alifanya hila njema. Walichukua sehemu za jeni hiyo kutoka kwa panya, wakazitia ndani ya bakteria, na bakteria wakatengeneza vipande vya ile protini isiyojulikana. Vipande hivyo wakawadunga wanyama, na damu ya wanyama ikafanya kingamwili za kuvishika. Hivyo ufunguo ulichongwa kwa kufuata mchoro wa kitasa, kabla kitasa chenyewe hakijaonekana.

Kisha walizijaribu kingamwili hizo katika misuli ya watu wazima wa afya. Zilishika protini moja kubwa mno, wakaipa jina la distrofini. Ilikuwa haba ajabu: katika kila sehemu 100,000 za protini ya msuli, distrofini ni kama sehemu mbili tu. Si ajabu kwamba hakuna aliyeiona hapo kabla. Ndipo walipozijaribu katika misuli ya wavulana wagonjwa, na ya panya wa ukoo fulani wenye kasoro katika jeni iyo hiyo. Hawakupata jibu. Jina liliitwa, na palikuwa kimya.

Lakini ukimya, kama tulivyokwisha kusema, hautoshi. Mwanasayansi mwangalifu hujiuliza maswali matatu. Swali la kwanza: je, shahidi huyu anasema? Kwa hiyo kingamwili ile ile hujaribiwa siku ile ile, kwa njia ile ile, katika msuli wa mtu mzima; iking'aa huko na isipong'ae huku, tofauti ni ya misuli, si ya kingamwili. Swali la pili: je, kuna nyama ya kutosha ya kuulizwa? Huenda kipande cha mgonjwa kimeharibika hata hakina utando wowote uliosalia. Kwa hiyo huulizwa protini nyingine ya utando huo, kama spektrini, kwa kingamwili yake yenyewe. Ikionekana, yajulikana kwamba mahali pa distrofini papo, ila mwenyewe hayupo. Swali la tatu: je, shahidi huyu hamfananishi mtu na mwingine? Kwa hiyo hujaribiwa pia misuli ya watu wenye maradhi mengine ya misuli. Katika hao distrofini ilionekana. Basi kukosekana kwake hakukuwa alama ya udhaifu wowote tu. Kulikuwa alama ya maradhi ya Duchenne.

Mwaka 1988 Hoffman na wenzake waliendelea kuwachunguza wagonjwa wa yale maradhi ya polepole aliyoyaeleza Becker. Humo kingamwili iliiona distrofini, lakini yenye urefu usio wa kawaida, au iliyopungua. Hivyo maradhi mawili yaliyokuwa yakitengwa kwa kungoja miaka ipite, yaliweza kutengwa kwa kipande cha nyama kisichozidi punje ya mahindi. Kwa mzazi, tofauti hiyo si ndogo. Ni tofauti ya kuambiwa mwanao atatembea mpaka lini.

Wala usidhani kwamba shahidi huyu aliaminiwa katika kila neno. Mwaka 1987 ilitangazwa, kwa kupima sehemu za msuli uliosagwa, kwamba distrofini hukaa ndani ya uzi wa msuli, kwenye vijia vinavyopeleka amri ya kukunjana. Mwaka 1988 makundi mbalimbali ya watafiti, wakiwamo wa Japani, Kanada na Marekani, waliitazama misuli kwa kingamwili zenye kung'aa, wakaona jambo jingine. Nuru ilizunguka kila uzi kama pete: distrofini ilikuwa chini ya utando wa nje. Kauli ya kwanza ikasahihishwa kabla ya mwaka kupita. Nawe, msomaji, bila shaka umekumbuka. Ni utando ule ule ambao Meryon aliuona umevunjika, miaka 136 kabla ya hapo, kwa hadubini ya zama zake.

Kazi ya distrofini ilianza kufahamika. Watu wa pwani yetu walikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi. Kata kamba hizo, na chombo chaweza kuonekana kizima kikiwa bandarini. Likija wimbi, mbao huachana. Distrofini hufanana na kamba hizo: huunganisha nyuzi za ndani ya msuli na utando wa nje. Isipokuwapo, kila msuli ukunjapo na kulegea, utando huchanika kidogo. Mwili hushona, huchanika tena, mpaka nguvu ya kushona hukoma. Ndiyo sababu mtoto huzaliwa akionekana mzima, na madhara huja kadiri anavyokimbia na kucheza.

Mwaka 1989 lilitokea jambo la kuwatahadharisha wote. Iligunduliwa protini nyingine, utrofini, inayofanana sana na distrofini kama ndugu wa tumbo moja. Kingamwili isiyochaguliwa vema ingeweza kuishika hiyo na kusema imeiona distrofini. Kwa hiyo watafiti walizidi kutafuta kingamwili za nasaba moja, kwa ile njia ya Köhler na Milstein, na kuzijaribu vikali. Huko Newcastle, Uingereza, zilitengenezwa kingamwili tatu zilizokuja kutumiwa katika hospitali nyingi: moja hushika mwanzo wa distrofini, moja katikati, na moja mwisho wake. Faida yake ni nini? Ni kwamba protini yaweza kukatika. Anayeulizia kichwa tu hatajua kwamba mkia umepotea, na anayeulizia sehemu isiyokuwapo atasema kwamba mwili wote haupo. Mashahidi watatu, kila mmoja na upande wake, hutoa habari iliyo kamili zaidi.

Siku hizi jeni yenyewe husomwa katika damu, na mara nyingi hilo hutosha kumtambua mgonjwa. Hata hivyo kingamwili haikustaafu. Jeni hueleza kilichoandikwa. Kingamwili hueleza kilichofanyika. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2016, wakati Marekani iliporuhusu dawa iitwayo eteplirseni kwa baadhi ya wagonjwa wa Duchenne. Idhini hiyo ilitegemea ongezeko la distrofini katika misuli, lililopimwa kwa kingamwili. Baada ya wiki 180 za matibabu, kiasi kilichopatikana kilikuwa, kwa wastani, asilimia 0.93 ya kiasi cha mtu mzima wa afya. Wataalamu walibishana kwa ukali. Wengine walisema kwamba kiasi hicho ni haba mno kumfaa mtoto. Wengine, na wazazi wengi pamoja nao, walisema kwamba mwenye kuzama haulizi urefu wa kamba. Ona basi uzito uliowekwa juu ya kingamwili: matumaini ya wazazi, fedha nyingi, na heshima ya sayansi, vyote vilining'inia katika mng'ao hafifu uliopaswa kupimwa kwa haki.

Historia hii yatufunza nini? Wengi wetu tumezoea kusoma habari za wagunduzi kama watu walioona kile ambacho wengine hawakukiona. Hapa ushindi mkubwa ulikuwa wa kuthibitisha kutokuona. Haukupatikana kwa macho makali. Ulipatikana kwa sababu shahidi mwenyewe alihojiwa: je, unasema kweli penye kitu? Je, mahali ulipotazama ndipo? Je, humfananishi mtu na ndugu yake? Maswali hayo matatu hayaishii katika maabara. Utakapofanya kazi ya ukarani, ya uuguzi, ya uhakimu au ya utangazaji, utaletewa habari kwamba kitu fulani hakipo: fedha hazipo, ugonjwa haupo, malalamiko hayapo. Kabla hujatia sahihi, uliza ni nani aliyetazama, alitazama kwa chombo gani, na chombo hicho kilijaribiwa wapi.

Na kama moyo wako unapenda sayansi, jua kwamba kazi haijaisha. Kitu kilichokosekana kimejulikana tangu mwaka 1987. Namna ya kukirudisha kikamilifu katika misuli ya mtoto bado inatafutwa. Atakayeipata, popote atokapo, atahitaji shahidi mwaminifu wa kuonyesha kwamba pete ile ya nuru imerudi kuuzunguka kila uzi.